Nilinunua Historia kwa Kilo Ruiru

Wasee, mimi nikitoka Ruiru kurudi Thika lazima nipitie kwa mzee fulani wa skrapu, kutafuta vitu vya kitambo. Mwezi jana nikaona kitu cha duara, cha shaba, kikubwa kama kisahani cha chai, chenye vishina viwili vya mpira uliopasuka.

"Mzee, hii ni nini?"

"Regyuleta ya gesi, kijana wangu. Ya kitambo. Kesho inaenda kuyeyushwa."

Akaiweka kwenye mizani. Kilo moja na kitu. Nikamlipa mia tano.

Nyumbani nikaisugua kwa limau na majivu. Alama ikajitokeza: mistari mitatu inayokutana, kama unyayo wa kuku. Usingizi ukaniisha. Huo ni mshale ambao serikali ya Uingereza iligonga kwenye mali yake, hasa ya jeshi. Na vile vishina? Ni vya mipira ya mzamiaji: mmoja ulimletea hewa kutoka mtungi wa mgongoni, wa pili ukatoa hewa aliyokwisha kupumua.

Kabla ya kifaa cha aina hii, wazamiaji wa kivita walitumia oksijeni tupu, wakiipumua tena na tena. Haikutoa mapovu. Ndiyo maana Waitalia 6 waliingia bandari ya Alexandria kule Misri, Desemba 1941, wakaharibu meli 2 kubwa za kivita za Uingereza. Lakini ukishuka sana, oksijeni tupu inageuka sumu.

Halafu ikaja 1943. Ufaransa iko chini ya Wajerumani, petroli ni shida. Injinia Émile Gagnan wa kampuni ya Air Liquide alikuwa na vali ya kuwezesha magari kutumia gesi. Jacques Cousteau, ofisa wa jeshi la majini la Ufaransa, alikuwa anatafuta namna ya kupumua chini ya maji bila kufungwa kwa bomba. Wakaunganisha akili. Ndani wakaweka kiwambo cha mpira: ukivuta pumzi kinabonyea, kinasukuma wenzo, vali inafunguka. Hewa inakuja kwa presha sawa na ya maji yaliyokuzunguka. Ukiacha kuvuta, inajifunga.

Kwa hivyo mzee wa skrapu hakuwa amepotea. Babu ya kile kifaa kweli ilikuwa vali ya gesi!

Na teknolojia hiyo ya vita ilitufaa hata sisi. Mwaka 1697, Waomani wakiwa wameizingira Fort Jesus, meli ya Wareno iitwayo Santo António de Tanna ilizama hapo mbele ya ngome. Kati ya 1977 na 1980 wazamiaji na wanaakiolojia waliichimbua chini ya bahari. Vitu walivyopandisha vimo kwenye makumbusho ya Fort Jesus. Bila mtungi na vali, hiyo historia ingekuwa bado kwenye matope.

Sasa, nimepata majaribu mawili. La kwanza ni kutunga stori. Kenyatta University hapo Kahawa ilikuwa kambi ya jeshi la Uingereza, Templer Barracks, kabla ya kukabidhiwa serikali yetu miaka ya 60. Ingekuwa rahisi sana kuwaambia kifaa changu kilitoka huko. Lakini ushahidi sina, na mshale peke yake hauthibitishi. Ukikusanya vitu vya kitambo ukavitungia uongo, unaharibu zaidi ya anayeyeyusha.

La pili lilitoka kwa rafiki yangu: twende tukaijaribu kwenye machimbo ya mawe yaliyojaa maji Juja. Nilikataa. Mpira wa miaka hiyo umekauka, vali inaweza kukwama, na ukipanda juu huku umebana pumzi ya mtungi, mapafu yanaweza kupasuka. Kazi ya hiki kifaa sasa ni kusimulia.

Maoni yangu ni haya: tunalia hatuna historia, na kila siku tunaiuza kwa kilo. Kabla hujapeleka kitu kwa mizani, kisugue. Tafuta alama, namba, jina la kiwanda. Piga picha. Uliza kilitoka kwa nani.

Mzee sasa ananiwekea kando chochote chenye unyayo wa kuku. Jana alinipigia, nikakimbia, kumbe ni koleo. Nililichukua.

Na kwenu, chini ya kitanda cha guka kuna nini?