Wanaokata Kona Wapite Wapi?

Leo historia kidogo, ila si ya wafalme wala vita. Ni ya foleni.

Mtu akikwambia dawa ya foleni ni kujenga daraja kwenye makutano, muulize: na wanaokata kona je? Kupitisha barabara moja juu ya nyingine ni rahisi. Kazi ipo kwa anayekata kona mbele ya magari yanayomjia. Kwetu ni anayekwenda kulia. Marekani, ambako wanaendesha upande wa kulia, ni anayekwenda kushoto. Makutano ya kawaida ya njia nne yana sehemu 32 ambapo magari yanaweza kugongana, na kona hiyo inachangia nyingi.

Mwaka 1916 mhandisi wa Maryland, Arthur Hale, alipata hati ya uvumbuzi wake: usikatize, zunguka! Unavuka daraja kwanza, halafu unafuata kitanzi mpaka unaibukia barabara unayoitaka. Vitanzi vinne, ukivitazama kutoka juu, vinafanana na jani la klova. La kwanza Marekani lilifunguliwa Woodbridge, New Jersey, 1929. Hakuna taa, hakuna kusimama. Raha mustarehe!

Magari yalipoongezeka, tatizo likahama. Anayetoka kwenye kitanzi anaingia barabarani palepale ambapo mwenzake anatafuta kutoka aingie kitanzi kinachofuata. Wanapishana kama ukili wa mkeka kwenye kipande kifupi, kila mtu mguu kwenye breki. Los Angeles wakaja na jibu jingine: barabara za ngazi nne, zilizokamilika 1949 na kutumika kikamilifu 1953. Kila kona na njia yake. Gharama yake sasa, madaraja juu ya madaraja!

Hapa Dar tulipata barabara ya juu ya Tazara 2018, na Ubungo yenye ngazi tatu 2021. Pale Tazara wanaonyoosha na Nyerere wanapita juu, wengine wanabaki na taa chini. Ndiyo somo lenyewe, jamani: kila mchoro unachagua nani apite moja kwa moja na nani asubiri.

Na zile sehemu 32 ni za gari kwa gari tu. Mwenda kwa miguu hata hakuhesabiwa. Siku wakileta mchoro mtaani kwenu, muulizieni yeye kwanza.

Haya, tuonane wiki ijayo.