Majina Manane

Tarehe 7 Februari 2006, Seneti ya Wanafunzi ya Chuo Kikuu cha Washington, kilichoko Seattle, magharibi mwa Marekani, ilijadili azimio ambalo kwa kawaida lisingetoka nje ya ukumbi ule. Mwanafunzi mmoja alipendekeza chuo kijenge kumbukumbu ya Kanali Gregory Boyington, aliyehitimu hapo uhandisi wa ndege mwaka 1934, kisha akawa rubani wa jeshi la Marini katika Vita vya Pili vya Dunia. Kura zilipohesabiwa, azimio lilianguka kwa tofauti ndogo sana. Siku chache baadaye habari ilikuwa imeenea nchi nzima kwamba wanafunzi wa Seattle wamemkataa shujaa.

Boyington si mtu rahisi kumchongea jiwe. Alipigana kwanza nchini China pamoja na marubani Wamarekani waliojitolea, kisha akaongoza kikosi cha ndege za kivita katika visiwa vya Pasifiki. Alisifiwa kwa kuangusha ndege 28 za adui, hesabu ambayo wanahistoria wamebishana nayo. Januari 1944 ndege yake iliangushwa. Alitekwa na Wajapani, akakaa mateka hadi vita vilipokwisha, huku kwao wengi wakidhani amekufa. Alirudi akavishwa Medali ya Heshima, nishani ya juu kabisa ya kijeshi nchini Marekani. Mwaka 1958 alichapisha kitabu cha maisha yake ambamo hakuuficha ulevi wake. Miaka ya sabini, kikosi chake kikageuzwa tamthilia ya televisheni. Kwa hiyo jina lililofika mbele ya wanafunzi mwaka 2006 lilikuwa la mtu halisi aliyekwisha kuvikwa joho la hadithi.

Kumbukumbu za kikao zilihifadhi hoja mbili zilizowasha moto. Mjumbe mmoja alisema chuo kina sanamu na minara ya kutosha ya wanaume matajiri weupe. Mwingine alisema haamini kwamba askari wa Marini ni mfano wa aina ya mtu ambaye chuo kingependa kumlea. Wapo pia waliouliza maswali ya kawaida kabisa: nani atalipa, na jiwe litawekwa wapi? Maswali hayo hayakupata nafasi magazetini.

Hoja ya kwanza ilikosea kwa kipimo chake yenyewe. Boyington hakuwa tajiri, na mwenyewe alisema ana damu ya Wasioux, mojawapo ya mataifa ya wenyeji wa Amerika. Wakosoaji waliishikilia kasoro hiyo wakafurahi nayo. Ila hoja ya pili ilihitaji jibu, na badala ya jibu ilipata matusi. Ulikuwa mwaka wa tatu wa vita vya Iraq. Vijana waliokuwa na umri uleule wa wajumbe wa seneti walikuwa wakirudi nyumbani katika majeneza. Familia nyingi zilisikia katika sentensi ile dharau kwa watoto wao, na hasira yao inaeleweka. Hata hivyo, hasira haikuligusa swali lenyewe: chuo kikuu kinapomjengea askari mnara, kinasema nini?

Kiswahili kinatusaidia hapa, kwa kuwa kina maneno mawili ambayo mabishano ya Seattle yaliyachanganya. Kuna kukumbuka na kuna kuenzi. Kumkumbuka mtu ni kukubali kwamba alikuwepo na kwamba kilichompata kinatuhusu. Kumuenzi ni kuushika mwenendo wake na kuuendeleza. Tunaposema tunamuenzi Mwalimu Nyerere, tunadai, kwa haki au kwa unafiki, kwamba tunafuata nyayo zake. Mjumbe yule wa pili aliuchukulia mnara kuwa tendo la kuenzi: ukimweka Boyington katikati ya chuo, unawaambia wanafunzi wawe kama yeye. Waliomkasirikia waliuchukulia kuwa tendo la kukumbuka: mtu wetu alipigana, akateseka, na deni lake halijalipwa. Kila upande ulilijibu neno ambalo mwenzake hakulisema.

Ugumu ni kwamba mnara hufanya yote mawili kwa pamoja, na chuo kile kilikuwa na ushahidi wa kutosha ndani ya uzio wake. Njia ya kuingilia kutoka kaskazini, iitwayo Memorial Way, imepangwa miti 58 kwa ajili ya watu 58 wa chuo waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Miti haimsifu mtu, wala haisemi vita vile vilikuwa vya haki. Inahesabu tu. Upande mwingine wa chuo kuna jiwe lililozinduliwa mwaka 1998 kuwakumbuka wanafunzi waliokwenda Hispania miaka ya thelathini kupigana na majeshi ya Franco. Wao walikuwa miongoni mwa Wamarekani takriban 2,800 waliojitolea bila kutumwa na serikali yao, na wengi waliorudi walitazamwa kwa mashaka kama wakomunisti. Jiwe lile halihesabu tu, lina upande. Kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema kwamba chuo hakiwakumbuki wapiganaji, wala kwamba hakijawahi kumuenzi yeyote kati yao.

Aprili 4 mwaka uleule, seneti ilipitisha azimio jipya kwa kura 64 dhidi ya 14. Safari hii halikumtaja Boyington peke yake. Lilitaka kumbukumbu ya wote waliosoma chuoni hapo na kupata Medali ya Heshima. Fedha zilichangwa na watu binafsi, na Novemba 2009 mnara ulizinduliwa kwenye mzunguko ulioko mwisho wa Memorial Way. Una majina manane: Boyington, Bronson, Crandall, Galer, Hawk, Leisy, Nakamura na Van Winkle. Vita vyao vinaanzia Ufaransa mwaka 1918, vinapita Pasifiki, Italia na Korea, hadi Vietnam.

Wengi waliuona mwisho huu kama suluhu: mpeni kila mtu, kelele ziishe. Nadhani ulifanya zaidi ya hapo, pengine bila kukusudia. Ulimleta Nakamura.

William Kenzo Nakamura alizaliwa Seattle mwaka 1922, mtoto wa wahamiaji wa Kijapani. Alikuwa mwanafunzi wa chuo hicho wakati Rais Roosevelt alipotia saini, Februari 1942, amri iliyoruhusu watu wapatao 120,000 wenye asili ya Kijapani kuondolewa pwani ya magharibi, wengi wao raia kwa kuzaliwa. Zaidi ya wanafunzi 400 wa chuo walilazimika kuacha madarasa. Nakamura na familia yake walipelekwa kambi ya kizuizini ya Minidoka, katika jimbo la Idaho. Kutoka nyuma ya seng'enge akajiunga na jeshi la nchi iliyomfungia, katika Kikosi cha 442, cha Wamarekani wenye asili ya Kijapani. Tarehe 4 Julai 1944, siku ya uhuru wa Marekani, alishambulia peke yake kituo cha rashasha karibu na Castellina, nchini Italia. Baadaye siku hiyohiyo alibaki nyuma ili wenzake wapate kurudi salama, akauawa. Alipewa nishani ya chini yake. Ilibidi kusubiri hadi Juni 2000, serikali ilipozipitia upya kesi za wanajeshi wenye asili ya Asia, ndipo yeye na wenzake 21 wakapewa Medali ya Heshima.

Lisome sasa jina hilo ukiwa na sentensi ya mjumbe wa pili kichwani. Je, Nakamura ni mfano wa mtu ambaye chuo kilitaka kumlea? Chuo hakikuweza hata kumweka darasani. Shahada za heshima kwa wanafunzi wale walioondolewa zilitolewa mwaka 2008, mwaka mmoja tu kabla ya mnara kuzinduliwa. Jina lake linamsifu askari, na papo hapo linaishitaki nchi iliyomvisha nishani. Azimio la kwanza, la mtu mmoja, lisingeyasema haya.

Mnara wa medali, hata hivyo, una mipaka yake. Mwaka ule wa 1942 alikuwepo chuoni mwanafunzi mwingine, Gordon Hirabayashi, mfuasi wa dhehebu la Quaker. Yeye alikataa kutii amri ya kutotoka nje usiku iliyowahusu watu wa asili yake, akakataa pia kujiandikisha ili aondolewe, kisha akajisalimisha mwenyewe kwa FBI. Mwaka 1943 Mahakama Kuu ya Marekani ilithibitisha hatia yake. Serikali haikutaka kumlipia nauli ya kwenda kifungoni, hivyo alisafiri hadi Arizona kwa kuomba lifti barabarani. Hukumu zake zilifutwa miaka ya themanini, na mwaka 2012, miezi michache baada ya kufa, alitunukiwa Nishani ya Rais ya Uhuru, ya juu kabisa kwa raia.

Vijana wawili, chuo kimoja, amri moja. Mmoja aliithibitisha uraia wake kwa kupigana, mwingine kwa kukataa. Nakamura anastahili jiwe lake, na kumtaja Hirabayashi hakumpunguzii chochote. Lakini medali ya vita ikiwa ndiyo kipimo, mmoja tu ndiye atakayeonekana pale kwenye mzunguko, na mwanafunzi anayepita ataondoka akidhani kwamba ujasiri una sura moja.

Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wale wanaousimulia mgogoro wa 2006 kama aibu iliyofutwa na kura ya Aprili. Bila swali lile lililowaudhi watu, chuo kingepata sanamu ya rubani mmoja mashuhuri na jambo likaishia hapo. Mabishano ndiyo yaliyoyavuta majina mengine saba. Mnara umechongwa majina ya waliopigana, ila haukubakiza alama yoyote ya ubishi uliouzaa. Ubishi huo umo katika kumbukumbu za kikao. Anayetaka kujua chuo kile kiliamua nini kuhusu askari wake inabidi asome kumbukumbu zote mbili, ya jiwe na za karatasi.