Ajali Haina Kinga? Tafakari juu ya Misiba ya Ziwa Letu



Kuna semi mbili zisizokosekana misibani kwetu. Ya kwanza ni "ajali haina kinga". Ya pili ni "kazi ya Mungu haina makosa". Juma hili tunapenda tuzipime semi hizo kwa mizani ya Maandiko Matakatifu na ya historia ya ziwa letu. Sisi wa Mkolani tuna ndugu Ukerewe, Sengerema, Geita na Bukoba, na safari za majini si habari ya mbali kwetu.

Jumanne, tarehe 21 Mei 1996, asubuhi, meli ya MV Bukoba ilipinduka ikiwa imekwisha kuikaribia Mwanza. Ilikuwa meli ya Shirika la Reli Tanzania, na ilikuwa imetoka Bukoba jioni iliyotangulia, ikapitia Kemondo, ambako abiria wengine na shehena ya ndizi viliongezwa. Uwezo wake ulikuwa abiria wapatao 430. Orodha ya abiria wa daraja la kwanza na la pili peke yake ilionyesha watu 443. Abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha.

Meli ilipopinduka haikuzama mara moja. Tumbo lake lilibaki likielea, na ndani yake walikuwamo watu hai. Lilipotobolewa ili watolewe, hewa iliyokuwa inaishikilia meli ikatoka, nayo ikazama. Rais Benjamin Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo ya kitaifa. Wengi wa marehemu walizikwa Igoma, ambako mpaka leo makaburi yao yanatukumbusha.

Walikufa wangapi? Hesabu haijawahi kuwa moja. Mara nyingi hutajwa zaidi ya 800, na wapo wanaosema walikaribia 1,000. Tusipite upesi hapa. Hesabu hiyo haijulikani kwa hakika kwa sababu maskini waliosafiri daraja la tatu hawakuandikwa walipopanda. Waliingia melini bila majina, wakazama bila majina. Bwana wetu alifundisha kwamba hata nywele za vichwa vyetu zimehesabiwa (Mt 10:30), na kwamba mchungaji mwema hutambua kondoo mmoja anapopungua katika mia. Mbele ya Mungu hakuna daraja la tatu. Palipokosekana orodha ya abiria, dhambi ilikuwa imeanza kabla meli haijang'oa nanga.

Miaka 22 baadaye, Alhamisi tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka Ukerewe kikitoka Bugolora kwenda Ukara. Ilikuwa siku ya gulio. Kivuko hicho kilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 101, lakini waliokufa peke yao walizidi 220. Gati la Ukara lilikuwa karibu sana, watu wakalitazama kwa macho. Baada ya siku mbili fundi mmoja wa kivuko alitolewa akiwa hai, tukamshukuru Mungu. Rais John Magufuli alitangaza siku nne za maombolezo. Semi zetu mbili zikasemwa tena, kama zilivyosemwa mwaka 1996.

Hapa ndipo tunapotaka kuuliza: je, zilisemwa kwa haki?

Injili ya Luka inatupa mahali pa kuanzia (Lk 13:1-5). Yesu aliletewa habari za watu waliouawa kikatili, naye mwenyewe akawakumbusha watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Alikataa katakata kwamba waliokufa walikuwa wakosefu kuliko wenzao. Lakini tazameni jambo la pili: hakuwaambia wasikilizaji wake kwamba hayo ndiyo Mungu aliyoyapenda, kisha wanyamaze. Aliwaambia watubu. Kwa Bwana wetu, msiba hautoi nafasi ya kuwahukumu marehemu, wala haumpi aliye hai ruhusa ya kulala.

Sheria ya Musa nayo inafafanua zaidi kuliko tunavyodhani. Ng'ombe akimpiga mtu pembe akafa, mwenye ng'ombe hana hatia. Lakini ikiwa ng'ombe huyo alikuwa na tabia hiyo tangu zamani, na mwenyewe ameonywa asimfunge, basi damu ile ni juu yake (Kut 21:28-29). Tena, ajengaye nyumba anaagizwa aweke ukuta mdogo kuzunguka paa, mtu asije akaanguka na kuileta hatia ya damu nyumbani (Kumb 22:8). Basi Neno la Mungu lenyewe linasema kwamba ajali nyingine zina kinga, na kinga hiyo ni wajibu. Usemi wetu wa kwanza ni kweli kwa radi, na ni kweli kwa ng'ombe asiyejulikana. Si kweli kwa chombo kinachojulikana kuwa kimejaa kupita kiasi.

Mama Kanisa anafundisha hivyo hivyo. Katekisimu inaiweka chini ya Amri ya Tano dhambi ya kuhatarisha usalama wa wengine, iwe barabarani, majini au angani, kwa ulevi au kwa kupenda mwendo wa kasi (KKK 2290). Inasema pia kwamba sheria ya maadili inakataza kumweka mtu katika hatari ya kifo pasipo sababu nzito (KKK 2269). Kumbe "usiue" haimhusu mwenye panga peke yake. Inamhusu pia mwenye kukata tiketi.

Sasa tuutazame usemi wa pili. Mama aliyempoteza mwanawe ziwani akisema kwamba Bwana ndiye aliyetoa na Bwana ndiye aliyetwaa, tusithubutu kumsahihisha. Hayo ndiyo maneno ya Ayubu, nayo ni sala. Lakini Ayubu aliyasema juu ya watoto wake mwenyewe. Rafiki zake, waliokuja kumfafanulia mateso yake kwa niaba ya Mungu, mwishoni walikemewa na Mungu mwenyewe kwa kuwa hawakusema yaliyo sawa juu yake (Ayu 42:7). Tofauti ni hiyo. Maneno yale yale kinywani mwa mfiwa ni imani. Kinywani mwa aliyepokea nauli ya abiria wa ziada ni kulitaja bure jina la Mungu. Huko ni kumtwika Mungu mzigo ambao sisi wenyewe tuliupakia.

Tena sisi wa Usukumani tuna njia nyingine ya kuukimbia ukweli. Tusiposema ni Mungu, tunasema "kuna mkono wa mtu". Kwa dhana hiyo vikongwe wengi wa mikoa yetu wameuawa kwa kushukiwa uchawi, wengine kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni walipokuwa wakitupikia. Mara ya kwanza tunamsingizia Mungu, mara ya pili tunamsingizia bibi asiye na mtetezi. Mara zote mbili aliyezembea anakwenda nyumbani salama.

Ndugu wapendwa, msidhani tunaandika juu ya wakubwa peke yao. Katika barabara ya kwenda Shinyanga inayopita hapa kwetu, bodaboda hupakia watu watatu, na abiria wa tatu hupanda kwa hiari yake. Daladala hujaa, nasi tunamwambia konda kwamba bado kuna nafasi ya mmoja. Wavuvi wetu huingia ziwani usiku bila jaketi la kujiokolea. Katika sala ya kuungama, kila Misa, tunakiri kwamba tumekosa hata kwa kutotimiza wajibu. Ni mara ngapi dhambi hiyo tumeifikisha kwenye kiti cha kitubio?

Mwezi Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa, lenye urefu wa takriban kilometa 3, na waliokuwa wakisubiri kivuko sasa wanavuka kwa dakika chache. Tunamshukuru Mungu, na tunawashukuru waliolijenga. Daraja hilo nalo linatufundisha kwamba kinga inawezekana pale watu wanapohesabu, wanapopima na wanapogharimia. Lakini Ukara, Ukerewe na visiwa vingine bado vinategemea vyombo vya majini, na usalama wa vyombo hivyo bado unategemea dhamiri ya mtu mmoja anayesimama mlangoni na kusema: basi, wametosha.

Juma hili tuwaombee marehemu wa ziwa letu, waliozikwa Igoma, waliozikwa Ukara, na wale ambao hawakuonekana. Tuwaombee kwa Mungu anayeyajua majina yao yote. Kisha tutoke kanisani tukiwa tayari kushuka katika chombo kilichojaa, hata kama tumekwisha kulipa nauli.

Mungu awabariki nyote, na Bikira Maria, Nyota ya Bahari, awasindikize wasafiri wetu.