Mkuki Ulivyoruhusiwa Bonaire: Wapiga Mbizi na Samaki-simba

Samaki-simba ana miiba 18 yenye sumu: 13 mgongoni, miwili kwenye mapezi ya tumboni na mitatu kwenye pezi la nyuma ya tumbo. Kwao ni Bahari ya Hindi na Pasifiki. Kati ya spishi mbili zilizovamia Atlantiki, moja, Pterois miles, ni mwenyeji wa miamba ya Kenya na Tanzania pamoja na Bahari ya Shamu, na huko hana makuu. Atlantiki alifikishwa na biashara ya samaki wa mapambo. Wa kwanza kujulikana alionekana Dania Beach, Florida, mwaka 1985. Kwa muda mrefu lawama ilitupiwa kimbunga Andrew cha 1992, kilichosemekana kuvunja tangi la kufugia na kuachia samaki sita katika Ghuba ya Biscayne. Ni kisa kitamu kusimulia, ila kimechelewa miaka saba; lililo karibu na ukweli ni kwamba wafugaji waliochoka nao waliwamwaga baharini.

Mwaka 2000 walikwisha kuonekana North Carolina na Bermuda, 2004 Bahamas, 2007 Kuba, 2010 Ghuba ya Meksiko. Jike hutaga kila baada ya siku chache, na kwa mwaka mayai yake hufikia milioni mbili. Mayai na viluwiluwi huchukuliwa na mikondo kwa wiki kadhaa kabla ya kutua mwambani. Samaki wadogo wa Karibi hawakumjua adui anayesogea taratibu akiwa ametandaza mapezi ya kifuani, akiwabana pembeni hadi awameze. Mwaka 2008 Mark Albins na Mark Hixon walionyesha kwamba kwenye vipande vya mwamba huko Bahamas samaki-simba mmoja aliweza kupunguza kwa asilimia 79 idadi ya samaki wachanga wanaoingia, ndani ya wiki tano tu.

Kisiwa kimoja kilichotatizwa sana na namna ya kumkabili ni Bonaire, eneo la Uholanzi lililo kaskazini mwa Venezuela. Uvuvi wa mkuki ulipigwa marufuku huko mwaka 1971, na mwaka 1979 bahari yote inayokizunguka kisiwa ikawa hifadhi. Mgeni anayekuja kupiga mbizi hulipa ada, huanza na mbizi ya kupimwa, hukatazwa kuvaa glavu, na huambiwa asiguse kitu. Utalii wa kisiwa ulijengwa juu ya katazo hilo. Samaki-simba wa kwanza alipoonekana Oktoba 2009, hifadhi ilijikuta na maelfu ya macho chini ya maji kila wiki, lakini hakuna mkono ulioruhusiwa kufanya lolote.

Hatua ya kwanza ikawa ya tahadhari. Mgeni alipewa kizibo kilichofungwa utepe wa rangi kali. Akimwona samaki-simba hamgusi. Anakiacha kizibo karibu na pango lake na kutoa taarifa akirudi nchi kavu, kisha mtu mwenye kibali anakwenda kumtoa. Mpango huu ulitegemea tabia ya samaki mwenyewe, ambaye mchana hukaa palepale penye kivuli. Lakini samaki walizidi mikono ya wenye vibali, na ndipo katazo la miaka mingi likalegezwa: wapiga mbizi waliofundishwa wakaruhusiwa kubeba mkuki mfupi wenye ncha tatu, unaovutwa kwa mpira na usioweza kurushwa mbali. Bunduki za mkuki zilibaki marufuku.

Mkuki huo unamlazimu mwindaji kusogea karibu sana, na samaki, akiamini miiba yake, mara nyingi hakimbii. Akishachomwa husukumwa ndani ya mtungi wa plastiki wenye mdomo wa faneli, ili miiba isimfikie mbebaji. Nchi kavu miiba hukatwa kwa mkasi. Nyama yenyewe haina sumu ya miiba, ni nyeupe na laini. Mtu anayechomwa na miiba hutumbukiza mkono katika maji ya moto ya kuvumilika, kwa kuwa sumu hiyo ni protini inayoharibiwa na joto.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba sehemu zilizowindwa Bonaire zilikuwa na uzito wa samaki-simba karibu mara tatu pungufu kuliko sehemu zisizowindwa za kisiwa hichohicho, na mara nne pungufu kuliko Curaçao, jirani aliyechelewa kuanza.

Kwingine njia ilikuwa ya kelele zaidi. Mwaka 2009 shirika la REEF lilisaidia kuandaa mashindano ya kumwinda huko Green Turtle Cay, Bahamas, na samaki zaidi ya 1,400 wakatolewa. Florida, ambayo haikuwa na woga wa mkuki, iliondoa sharti la leseni kwa wanaotumia zana fulani kumvua, na mwaka 2014 ikazuia kumwingiza kutoka nje, hatua iliyopaswa kuchukuliwa miaka thelathini nyuma.

Hakuna mahali walipomalizwa. Stephanie Green na wenzake walionyesha mwaka 2014 kwamba si lazima: miamba ya Bahamas ambako idadi ilishushwa chini ya kiwango fulani ilipata ongezeko la asilimia 50 hadi 70 la uzito wa samaki wenyeji. Kazi lazima irudiwe, na samaki nao wanajifunza. Penye uwindaji wa mara kwa mara hujificha zaidi mchana. Chini ya mita 40, mpaka wa mbizi za burudani, huendelea kuzaliana bila kusumbuliwa.

Wakati huohuo Pterois miles amepita Mfereji wa Suez na kuingia Mediterania, na tangu muongo wa 2010 ameenea Kupro. Huko pia kuvua kwa mkuki ukiwa na mtungi wa hewa ni marufuku. Mradi wa RELIONMED, ulioanza 2017, uliunda vikosi vya wapiga mbizi waliofundishwa na kupewa vibali maalumu vya kumwinda samaki huyu tu.