Viatu vya mbio havikufanyii mazoezi

Wiki iliyopita binamu yangu wa Msambweni alinipigia simu. Ana miaka kumi na sita, ameshinda mita 5,000 shuleni kwao na sasa anajiandaa kwa mbio za kaunti. Alishinda akiwa miguu mitupu. Familia ikachanga shilingi 5,000 za viatu, na kwa sababu mimi ndiye ninayekaa Ukunda karibu na mitumba, kazi ikaniangukia mimi.

"Dada, nitafutie vile vya Kipchoge," akaniambia. "Vile vya soli nene."

Wanangu, vilipatikana. Pea moja iliyotumika, bamba la kaboni ndani, shilingi 4,500. Kando yake kulikuwa na raba za kawaida za mazoezi, soli bado nzima, 2,000. Nilisimama pale nikishika hizi na kuacha zile kama mtu anayechagua nyanya. Mwisho nikalipa 2,000. Binamu amenuna mpaka leo. Haya ninayoandika ni jibu lake, na lako pia kama unaweka pesa ya viatu vya aina hiyo.

Tuanze na miguu mitupu, maana kuna watu wanapenda sana hadithi hiyo. Tarehe 10 Septemba 1960, Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki mjini Roma bila viatu, kwa saa 2:15:16. Mpaka leo picha yake inazungushwa mitandaoni na maneno ati Mwafrika hahitaji viatu. Sasa kwa nini hadithi inakatwa katikati? Bikila alikimbia hivyo kwa sababu viatu alivyopata kule havikumkaa vizuri, na miguu yake ilikuwa imezoea mazoezi bila viatu. Miaka minne baadaye, Tokyo, alivaa viatu. Alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa kidole tumbo wiki chache tu kabla, na bado akashinda kwa 2:12:11. Dakika tatu zimepungua, na akawa mtu wa kwanza kushinda marathoni ya Olimpiki mara mbili.

Mimi nachukua mambo mawili hapo. Kwanza, siku ya Roma alikimbia na kile ambacho miguu yake ilikizoea mazoezini. Pili, alipopata viatu vya kumfaa hakukataa. Kwa hivyo mtu asiniambie mtoto wa Msambweni akimbie peku kwenye marram yenye mawe makali kwa sababu ndiyo "asili yetu". Hiyo si asili, ni kukosa pesa.

Sasa tuje nyumbani. Tarehe 24 Machi 2007, ng'ambo tu ya feri ya Likoni, Mombasa iliandaa mashindano ya dunia ya mbio za nyika kwenye uwanja wa gofu. Wengi wetu tulikuwa wadogo ama hatujazaliwa. Siku ile jua la Pwani liliwachoma watu kwelikweli. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa ameshinda mbio ndefu miaka mitano mfululizo, aliacha mbio kabla ya kufika mwisho. Mshindi akawa Zersenay Tadese wa Eritrea. Viatu vya nyika, kama umewahi kuviona, ni vyembamba, vina misumari chini, na sponji yake ni kidogo sana. Siku ile kilichoamua ni nani mwili wake ulivumilia joto na ule unyevu wetu.

Weka hilo jina la Tadese kichwani, tutakutana naye tena.

Tarehe 6 Mei 2017, kwenye barabara ya mashindano ya magari ya Monza, Italia, kampuni ya Nike iliwaweka wanaume watatu wajaribu kukimbia marathoni chini ya saa mbili: Eliud Kipchoge, Lelisa Desisa na huyo huyo Zersenay Tadese. Wote watatu walivaa aina moja ya kiatu, Vaporfly: soli nene ya sponji nyepesi inayorudisha nguvu, na bamba la kaboni katikati. Kipchoge alimaliza kwa 2:00:25. Tadese, 2:06:51. Desisa, 2:14:10.

Soma hizo namba tena polepole. Aina moja ya kiatu, asubuhi moja, barabara moja, lakini kati ya wa kwanza na wa mwisho kuna karibu dakika 14.

Lakini sitaki kudanganya kwa upande wa pili pia. Kabla ya siku hiyo muda bora wa Tadese kwenye marathoni ulikuwa 2:10:41. Alipunguza karibu dakika nne. Kulikuwa na wakimbiaji wa kumkinga upepo, sawa, lakini kiatu nacho kilikuwa na mchango wake. Mwaka huo huo watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado, kwa pesa za Nike, walipima wakimbiaji 18 na wakaona kiatu hicho kinaokoa nguvu kwa wastani wa asilimia 4 kikilinganishwa na viatu vingine vya mashindano. Na ujanja ni huu: waliongeza uzito kwenye viatu vyepesi, hata hicho chenyewe, ili vyote vilingane. Yaani faida ile haikutoka kwenye wepesi. Ilitoka kwenye sponji na umbo la kiatu.

Wepesi wenyewe unasaidia, ila kidogo. Kila gramu 100 unazoongeza kwa kila mguu zinakula kama asilimia 1 ya nguvu zako. Raba nyingi za mazoezi zina gramu 250 hadi 300, za mashindano karibu 200. Piga hesabu mwenyewe. Mwaka 2023 Tigst Assefa alikimbia Berlin kwa 2:11:53 na kiatu cha Adidas cha gramu 138, bei yake dola 500, na kampuni yenyewe ilisema kimetengenezwa kwa marathoni moja tu. Moja! Sisi tunataka kitupeleke muhula mzima.

Najua kwa sababu nimewahi kufanya huo ujinga. Mwaka jana nilinunua pea ya soli nene iliyotumika, nikaivaa kila siku: lami ya Ukunda, ule mlima wa Kombani kwenda Kwale, hata ufukweni Diani maji yakitoka. Wiki ya tatu mshipa wa kisigino ukakaza, nikawa nashuka ngazi nikishika ukuta. Soli ndefu na laini inayumba kwenye marram, na sponji yangu ilikuwa imekufa zamani. Dalili zilikuwepo tangu sokoni: mikunjo mingi ubavuni, na ukikiweka kiatu mezani kinainama upande mmoja. Sikuangalia. Niliangalia rangi.

Halafu kuna sheria. Januari 2020 Shirikisho la Riadha Duniani liliweka kikomo cha soli ya milimita 40 na bamba moja. Kwa mbio za uwanjani, tangu Novemba 2024, kikomo ni milimita 20. Kwa hivyo ile soli nene ya barabarani ambayo binamu anaililia, kwenye mita 5,000 za mashindano ya kimataifa hata hairuhusiwi.

Basi msimamo wangu ni huu. Kama pesa yako ni ya pea moja tu, nunua ya mazoezi. Hiyo ndiyo utakayovaa siku tano kwa wiki, alfajiri, kwenye mawe na vumbi, na hapo ndipo mbio zinapotengenezwa. Kiatu chepesi cha mashindano kinakuja baadaye, kwa siku yenyewe na mazoezi machache ya kasi ili mguu ukizoee. Ukianza na hicho, umenunua paa kabla ya ukuta.

Binamu, najua unasoma hapa. Hizo raba zikate taratibu, wiki ya kwanza kilomita chache tu, maana miguu yako imezoea ardhi. Zile 3,000 zilizobaki ninazo, sijazila. Ukipita kaunti tunavuka feri pamoja, tunaenda Kongowea kukutafutia viatu vyembamba vya misumari. Na safari hii utachagua mwenyewe, mimi nitabeba mfuko tu.