Maji ya Moto na Meza ya Mgeni: Historia Isiyoandikwa ya Nyanda za Juu Kusini

Historia ya nchi yetu imeandikwa zaidi kwa kutazama ikulu, mabunge na medani za vita. Mwanafunzi akitaka kujua yaliyotokea Lugalo mwaka 1891 au Kalenga mwaka 1894 atapata vitabu vya kusoma. Lakini akiuliza msafiri aliyeingia Iringa au Mbeya jioni ya mwezi Juni, baridi ikiuma mifupa, alioga wapi na alikula na nani, hatapata jibu kwa urahisi. Nadhani swali hili la pili lina siasa ndani yake kama lilivyo lile la kwanza. Jinsi jamii inavyompokea mtu mwenye vumbi la njia huonyesha ni nani inayemhesabu kuwa mtu kamili.

Tuanze na hali iliyokuwapo kabla ya hoteli. Katika vijiji vingi vya nyanda hizi, mgeni hupewa kwanza maji, kisha chakula, ndipo huulizwa habari za atokako na ajia nini. Mpangilio huo una maana: haki ya maji na chakula haikutegemea jibu la mgeni. Kule Rungwe, Mskoti Joseph Thomson alipopita mwaka 1879 alistaajabia usafi wa makazi ya Wanyakyusa. Miaka zaidi ya hamsini baadaye, kati ya 1934 na 1938, wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson walifanya utafiti wao huko, na mwaka 1951 Monica akachapisha kitabu, *Good Company*, kuhusu vijiji vya marika. Wavulana waliondoka nyumbani kwa baba na kujenga kijiji chao, lakini walikwenda kula kwa mama zao kwa kikundi, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Kula peke yako kulikuwa aibu. Neno lao *ukwangala*, yaani kukaa pamoja kwa furaha, kula na kuzungumza na wenzako, lilikuwa msingi wa maadili yao.

Tusiipambe historia hiyo kupita kiasi. Aliyepika, kuteka maji na kukata kuni alikuwa mwanamke, na starehe ile ya kukaa pamoja ilikuwa kwanza ya wanaume. Hata hivyo, kanuni yenyewe ilikuwa wazi: chakula huunganisha walio sawa, na anayealikwa kula amekwisha kukubaliwa kuwa sawa.

Ukoloni ulileta kanuni nyingine. Mbeya ilikua kuwa mji mwishoni mwa miaka ya 1920 kwa sababu ya dhahabu ya Lupa. Barabara kutoka Rhodesia Kaskazini kuelekea Kenya ilipita hapo na Iringa, na kuanzia 1932 ndege za Imperial Airways zilizosafiri kati ya Ulaya na Cape Town zilitua Mbeya. Wasafiri wa aina hiyo walihitaji malazi. Shirika la Reli lenyewe lilikuja kuwa na hoteli mjini Mbeya, ingawa reli ilifika huko katika miaka ya 1970 tu, ilipojengwa TAZARA. Hapana ajabu katika hilo, kwa kuwa Relwe ilikuwa ikiendesha mabasi na malori yaliyounganisha Reli ya Kati na Nyanda za Juu Kusini.

Katika hoteli za wakati huo, jioni ilikuwa na utaratibu wake. Nyuma ya jengo, pipa la maji lilitiwa moto wa kuni. Mgeni alioga, akabadili nguo, akaingia ukumbi wa chakula. Mwafrika alikuwamo katika kila hatua ya utaratibu huo: ndiye aliyechanja kuni, aliyechochea moto, aliyebeba maji, aliyepika na aliyesimama nyuma ya kiti. Alipatikana kila mahali isipokuwa ndani ya maji yenyewe na mbele ya sahani. Ubaguzi huo haukuhitaji sheria ndefu. Desturi na mazoea ya wenye hoteli vilitosha.

Barabara hiyohiyo ilikuwa na wasafiri wengine, tena wengi zaidi. Wabena, Wahehe na Wakinga walitembea kwenda mashamba ya mkonge; Wanyakyusa wengi walivuka mpaka kwenda migodi ya Rhodesia Kaskazini na hata Afrika Kusini. Idara ya Kazi, iliyoundwa mwaka 1926 chini ya Meja Orde-Browne, ilianzisha kambi katika njia za vibarua, wapate kulala, kula na kutibiwa. Kambi hizo ziliokoa maisha, na ni haki kusema hivyo. Lakini tuangalie sababu yake. Mwenye hoteli alimlisha mgeni ili apumzike; kambi ilimlisha kibarua ili afike kazini akiwa na nguvu. Mmoja alikuwa msafiri, mwingine alikuwa nguvukazi iliyo njiani.

Msomaji asidhani kwamba jambo hili ni la Afrika pekee. Nyumba za wageni za Kijapani leo husifiwa duniani kwa ukarimu: mgeni huvua viatu, huoga maji ya moto yanayotoka ardhini, huvaa joho jepesi kama wenzake wote, kisha huletewa chakula. Lakini historia yake ina madaraja pia. Mwaka 1635 watawala wa ukoo wa Tokugawa waliwalazimisha mabwana wa majimbo kusafiri kwenda na kurudi Edo, mji unaoitwa Tokyo sasa. Katika njia ya Tōkaidō yenye vituo 53, mabwana hao walilala katika nyumba maalumu zilizoitwa *honjin*, watu wa kawaida katika *hatago*, na maskini katika vibanda ambamo walilipia kuni tu na kujipikia. Mwaka 1870 serikali mpya iliufuta mfumo wa *honjin*. Desturi ya kuoga na kula vizuri ikabaki, lakini cheo cha ukoo hakikuwa tena ufunguo wa mlango.

Sisi nasi tulifuta ubaguzi wa rangi milangoni baada ya 1961. Je, tulifuta madaraja? Ingia katika gesti nyingi za Mafinga, Makambako au Tukuyu. Kabla hujaonyeshwa bafu utaletewa daftari: jina, kabila, kazi, utokako, uendako. Zaidi ya miaka sitini tangu Uhuru, katika nchi inayojivunia kuushinda ukabila, msafiri bado anaulizwa kabila lake kabla ya kupewa ndoo ya maji.

Liko jambo zito zaidi, na hili nawaambia hasa ndugu zangu watumishi wa umma. Katika safari za kusimamia wanafunzi walio kwenye mafunzo kwa vitendo nimeshuhudia mara nyingi gari la ofisi likifika mjini jioni. Mkubwa hushushwa kwenye hoteli yenye maji ya moto. Kisha dereva huzunguka akitafuta gesti inayolingana na posho yake, na chakula chake hula kwa mama ntilie, peke yake. Alfajiri, huyo aliyeoga maji ya baridi na kulala kwa taabu ndiye anayeshika usukani kuteremka Mlima Kitonga, akiwa amebeba roho za wote. Aliyepanga viwango vya posho huenda hakumkusudia mtu ubaya. Amerithi tu mantiki ya zamani: anayestahili kupumzika ni mwenye cheo, na mwingine atunzwe kiasi cha kuweza kufanya kazi.

Kubadili hili hakuhitaji mapinduzi. Safari moja ya kikazi iwe na malazi ya kiwango kimoja kwa wote waliomo garini. Halmashauri zinazotoa leseni zihakikishe kwamba maji ya moto ni huduma ya lazima katika miji ya baridi kama Njombe na Mafinga. Safu ya kabila iondolewe katika daftari la wageni. Wanafunzi wa historia nao wawatafute wazee waliochochea moto wa mapipa yale, wawahoji wangali hai, kwa maana ushahidi wao haumo katika nyaraka za hoteli.

Na wewe unayesafiri kikazi wiki ijayo, anza na lililo mkononi mwako: mwite dereva wako mezani.