Buruta, kisha nini?

Programu kadhaa zilizotafsiriwa hutuambia “buruta na udondoshe”. Na buruta sina ugomvi. Dondosha ndilo linalonikera: kinachodondoka kimeponyoka, aghalabu bila kukusudiwa. Kwenye skrini mambo ni makabidhiano. Sehemu unakotoa kitu hutangaza tu ilicho nacho, kama ni matini, picha au faili. Sehemu unakokipeleka hukubali au hukataa, ndiyo maana kishale hugeuka alama ya katazo. Data hukabidhiwa kidole kikishaachia kipanya. Kwenye Windows, kwa kawaida, faili ikibaki diski ileile huhama. Ikienda diski nyingine hunakiliwa, ya awali ikabaki. Udondoshaji uko wapi hapo? Mimi huandika “buruta na uachie”. Tua nalo zuri, ila linadai mzigo kichwani.